Maneno Huibwa

Bibi Safta hakunifundisha.
Nilipokuwa na miaka sita aliniambia, huku akimenya vitunguu saumu
kwa kisu kilichobaki mgongo tu:
"Ukifundishwa, yanakufia mdomoni.
Maneno haya huibwa.
Wewe iba, mimi nitajifanya kiziwi."

Alfajiri, jogoo hajawika, alishika ndoo kwenda kisimani.
Njia nzima hasemi. Dumitra akimsalimu, anapewa kisogo.
Maji yale kijijini kwetu tuliyaita maji yasiyoanzwa:
hakuna aliyeyanywa, hakuna aliyejitazama ndani yake.
Kurudi vilevile, kimya,
theluji ikilalamika chini ya viatu.

Mtoto wa Lenuța analia tangu jana.
Mtu alimsifia kope.
Wala hakuwa mbaya huyo mtu, alisahau tu kutema mate,
na jicho ni mgeni asiyebisha hodi.
Uzi mwekundu ulikuwa umekatika mkononi mwa mtoto,
tukauona baadaye chini ya kitanda, umetafunwa na paka.

Makaa tisa.
Safta anayadondosha kikombeni moja moja, kila moja na jina:
mjane, fundi wa trekta, mwenye macho ya kijani,
hata padri Zaharia, ambaye picha ya mtakatifu wake
inaning'inia kwetu msumari mmoja na shada la saumu.
Linaloelea halina hatia.
Linalozama, ndiye.
(Padri alizama mara mbili. Tulinyamaza.)

Nami nyuma ya mlango wa ghala la mahindi,
sikio kwenye ufa, vumbi la punje puani:

*Toka utosini mwake, toka kwenye kope zake,*
*toka kwenye damu yake, uende na njia zako,*
*kusikokuwa na jiko, wala jogoo hayuko;*
*tisa zipungue, nane; nane zipungue, saba;*
*isibaki hata haba, hata ncha tu ya mwiba.*

Kati ya jogoo na tisa palikuwa na neno.
Sikulipata kamwe. Kila mara, hapo hapo,
Safta alikohoa.
Miaka kumi na miwili nilivizia lile neno.
Nilidhani ndilo lenyewe, ndiyo mizizi:
la kabla ya kanisa, kabla ya askari wa Roma,
la wachungaji walioshuka na kondoo
wakiogopa mbwamwitu na majirani zao kwa kiasi kilekile.
Mwaka hadi mwaka alizidi kupaza sauti, kiziwi wangu,
na mlango wa ghala hakuufunga tena.
Lakini kikohozi hakikukosa.

Sasa niko Torino, ghorofa ya nne,
namwogesha bibi wa watu kwa mshahara.
Saa nane usiku mama anapiga simu:
Safta haongei tangu Jumapili, midomo imekwenda upande.
Daktari amesema lake. Sasa sema lako.

Makaa sina. Nina njiti za kiberiti.
Maji ni ya bomba, yameanzwa na mji mzima,
nikayachukua bila kusema, ndiyo heshima niliyoweza.
Mama akaweka simu juu ya mto wa Safta.
Njiti ya kwanza ikalia *tsss*.
Utosini, kope, damu, njia,
jiko, jogoo,

nikafika pale.

Shimo.
Nikasikia pumzi yake ndani ya simu, inangoja.

Nikakohoa.

Kikohozi chake kabisa, kikavu, cha saumu na moshi.
Na kule, upande wa pili wa milima,
kitu kikatoka kifuani mwa Safta. Mama anasema ni kicheko.
Mimi sijui. Huenda naye, nyuma ya mlango wa mwingine,
aliiba alichokisikia,
na aliyemtangulia vivyo hivyo,
mpaka kwa mwanamke wa kwanza, kando ya moto wa kwanza,
aliyepaliwa na moshi.

Tisa, nane, saba.
Maji nikamwagia bawaba ya mlango.
Asubuhi bibi wa watu aliuliza kwa nini sakafu imelowa,
na kwa nini nilikohoa usiku.
Nilimwona akinitazama koo, si macho.
Chumba chake hakifungi vizuri. Kina ufa.
Sikumjibu.