Si Zamu Yake

Ishirini na watatu. Niliwahesabu langoni mwa shule,
nikawahesabu tena kando ya barabara ya Nairobi
malori yakitupulizia moshi,
skafu zimefungwa ovyo, moja kiunoni, moja kichwani,
na Jerono amening'iniza filimbi yangu shingoni
wala hana nia ya kuirudisha.

Kilima chenyewe si kirefu. Kilima cha pimbi,
uti wa mgongo wa mawe
kati ya mabati ya Nakuru na ziwa.
Nilikuwa nimejiandaa: karatasi mbili za tarehe,
makaburi, vigae, mabonde ya mazizi ya kale.
Upepo ukaninyang'anya ya kwanza nikiwa aya ya pili.
Nikabaki na ninayoyajua bila karatasi:
watu waliishi hapa. Walichoka jioni. Walikuwa na watoto.

"Pimbi ni binamu wa ndovu," nikasema.
Gathigia alicheka hadi akakaa chini.
Pimbi mwenyewe, juu ya jabali,
alitutazama kama karani wa ardhi
anayedaiwa hati na faili haionekani.

Na kule chini ziwa limepanda,
limemeza uzio, limeiacha miti imekufa wima.
Heroe niliowaahidi hawakuwapo.
Waridi lilikuwa moja tu, begi la Moraa.

Nikahesabu. Ishirini na wawili.

Nikahesabu tena, polepole, nikigusa kila kofia.
Jerono akapuliza filimbi bila kuambiwa,
akapuliza hadi ndege wakahama mwiba.

Tulimkuta Ombasa nyuma ya mawe, amechuchumaa
mbele ya bao lililochongwa jabalini,
safu mbili za vishimo, kingo laini kama ndani ya kijiko.
Maji ya mvua ameyakausha kwa skafu yake.
Kokoto amezigawa sawasawa.

"Giuthi hiyo!" "Ajua!" "Enkeshui," akanong'ona Lemaron,
kila mmoja na jina la kwao,
kila mmoja na sheria za nyumbani kwao,
nikaona vita vinanukia.
Ombasa hakuinua kichwa.
"Nyamazeni. Anafikiri."

"Nani?"

Akaelekeza kidevu upande wa pili.
Nyasi. Mjusi. Jua.

Ningemkaripia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni,
kikosi, utiifu, mama yako ningemwambia nini.
Nikajikuta nimechutama
nikichungulia ni nani anayeshinda.

Langoni, Bi Taprandich, mlinzi, alitupekua kwa upole.
Mifukoni vikatoka vipande vinane vya jiwe jeusi,
jiwe la kioo, lililopasuliwa na mkono.
"Vinarudi," akasema, na vikarudi.
Wekhomo peke yake aliondoka na kitu:
mkwaruzo kidoleni, damu tone moja,
akiuonyesha njia nzima kama nishani,
kidonda cha leo kwa kisu cha zamani zile.

Ishirini na watatu. Nikawakabidhi kwa wazazi,
nikavua viatu, nikaweka maji ya chai.

Saa nne usiku, simu. Mamake Ombasa.
Mtoto hajalala. Ameniulizia, mwalimu,
kama huko kilimani kunanyesha,
kama maji yatajaza vile vishimo kabla mwenzake hajacheza.
Nimemwambia arudi kesho akapanguse.
Anasema hawezi kugusa kitu,
si zamu yake.

Nilifungua dirisha.
Manyunyu yalikuwa yameanza.