Kilo Ishirini

Bandarini Nagoya, kwenye mizani ya malori,
kazi yangu ni namba:
lori tupu, lori limejaa, muhuri, pita.
Mizani yenyewe haijui kitu chini ya kilo ishirini.
Nikiipanda peke yangu inanisoma arubaini,
au sitini,
inategemea upepo.

Saa ya chakula huenda nyuma ya uzio wa forodha,
kwenye mfereji uliosahauliwa na wachora ramani,
maji nusu chumvi, nusu mvua,
matete yamebanana kama watu ndani ya lifti.
Miaka sita nimekula wali wangu pale
nikitazama vijiti vinavyoruka.
Nilikuwa naviita sindano.
Sikuwa na haja ya jina jingine.

Jumanne akaja Bwana Sugiura,
mwalimu wa kemia mstaafu, magoti yana bandeji,
karatasi ya ruhusa ina mihuri minne.
Pwani hii, akasema, ameitafuta miaka kumi na mmoja:
kereng'ende mwembamba, mfupi kuliko njiti ya kiberiti,
anayekunja mabawa akitua,
mweusi, na mgongoni madoa manne ya kijani,
"kama aliyeshikwa na mtoto mwenye rangi vidoleni."

Nikamwambia: Ah. Sindano.

Hakucheka.
Alipiga goti moja, la pili likalalamika likafuata,
akatenganisha matete kwa kalamu.
Akanyamaza muda wa malori matatu.
"Saba," akanong'ona. Kisha: "Tisa. La, huyu nimeshamhesabu."
Miwani imejaa ukungu, hafuti.

Nami nikapiga magoti nione anachokiona.
Nikaona kile kile cha kila siku,
ila mkono wangu, uliozoea kuyasukuma matete hayo,
ukaogopa kusogea.

Honi.
Dereva wa lori la vyuma chakavu ameshuka, kofia mkononi:
"Mmepoteza nini?"
Sugiura akanitazama. Alikwisha niambia,
wapo watu wanaowauza hata hawa,
wakavu, kwenye pini.

"Kifungo," nikasema.
"Cha rangi gani?"
"Kijani."

Basi yule jamaa, kilo tisini bila viatu,
akalala kifudifudi kando yetu,
akapapasa matope kwa moyo wake wote,
na mmoja wao akamtua begani,
pale penye mshono,
penye uzi uliokatika.