Sanduku Limeuzwa Mara Tatu

Ghala letu liko Manchester, ile ya New Hampshire,
kando ya mto Merrimack, ndani ya kuta za matofali mekundu
zilizosikia mashine za pamba kabla babu zetu hawajazaliwa.
Sasa tunapakia kompyuta. Kampuni inaitwa Brackett,
na mwezi huu hisa yake moja ni dola tisini na nne.

Byamungu anaijua bei hiyo kuliko anavyojua umri wa mwanawe.
Anaichungulia kwenye simu akiwa chooni, akiwa foleni ya kahawa.
"Imepanda tena, dada Nabintu. Imepanda tangu tuingie zamu."
Kila Ijumaa mshahara wake unamegwa kununua nyingine
kabla haujamgusa mkono.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Sihesabu fedha, nahesabu masanduku.
Na masanduku hayana msemaji, hayavai tai,
hayapandi jukwaani kusema "mwaka wa mafanikio."

Wiki ya mwisho ya Machi malori huja hata usiku.
Tunapakia mpaka viganja vinatoa maji,
theluji inaingia mlangoni, mkuu wa zamu anapiga makofi:
kabla ya saa sita! kabla ya saa sita!
Yakivuka lango, yameuzwa. Ndivyo vitabu vinavyosema.
Wiki ya pili ya Aprili yanarudi
kimyakimya, mawili matatu, kama mume aliyelala nje.

Doreen Thibodeau, miaka ishirini na sita juu ya foklifti,
aliniona nikikuna kichwa.
Akasema: usiulize, andika "yamepokelewa."
Nikaandika.

Lakini Juni nilichukua kalamu ya wino mzito
nikachora ubavuni mwa sanduku moja, chini kabisa,
duara na nukta katikati.
Likaondoka tarehe ishirini na tisa. Likarudi Julai.
Likaondoka Septemba, likarudi kona imebonyea.
Desemba likaondoka tena, nikalipungia mkono.
Kompyuta ile haijawahi kuwashwa, haijaona meza ya mtu,
na imeuzwa mara tatu.

Kwetu husema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo,
nene, jalada linang'aa, lina picha ya watoto wakicheka.
Mali ndiyo haina habari.

Nililisoma jikoni, kwa kamusi, siku nne.
Faida iko ukurasa wa pili, herufi kama matofali.
Madeni yako ukurasa wa themanini na moja,
herufi kama mayai ya chawa.
Kuna mstari unaitwa nia njema: dola milioni mia tatu na kumi.
Mama yangu alikuwa na nia njema mpaka anazikwa,
benki pale Uvira haikumkopesha hata bei ya ndoo.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Bei ni mara sitini na mbili ya faida ya mwaka.
Yaani, Byamungu, dola yako itarudi baada ya miaka sitini na miwili,
kama faida ni faida, kama sanduku ni sanduku.
Akacheka. "Wewe dada ni karani wa ghala.
Wale wa New York wana digrii."
Kesho yake ikapanda dola mbili.
Sikuwa na la kusema. Bei ilikuwa imemjibia.

Sitajifanya mtakatifu. Nami ninazo hisa kumi na moja,
nilizopewa Krismasi badala ya nyongeza.
Ndiyo maana jana barua imenifikia:
mwenye hisa mpendwa, tunapendekeza mkaguzi wa hesabu awe yule yule,
naafiki, au napinga,
tafadhali weka alama ndani ya kisanduku.

Kisanduku.
Nimekaa nacho mezani hadi chai imepoa.
Kisha nimechora duara, na nukta katikati,
nikalamba gundi ya bahasha.