Ukuta wa Kinywani

Tangu ujana najenga kuta za mawe hapa Bukavu,
Kadutu juu, pale mvua ya Novemba inapokula udongo
hadi msingi wa nyumba unachungulia barabarani.
Najua kilima kinavyoondoka:
hakipigi kelele. Kinapungua kidole,
kinapungua kidole tena,
halafu asubuhi moja mlango unagoma kufungika.

Kinywani mwangu mlikuwa hivyo hivyo.
Damu kwenye mswaki; nikasema ni mswaki mgumu.
Maji baridi yakanichoma hadi sikioni,
nikalaumu bomba.
Jino la mbele likarefuka, na la chonge nalo,
Nshokano akacheka: "Uzee gani huu unaootesha meno?"
Hayakuwa yakiota, mke wangu.
Ufizi ndio uliokuwa ukihama.

Daktari Cibalonza, mikono midogo, hakunigombeza.
Alinionyesha picha: mfupa wa taya
umebonyea kama njia ya mbuzi.
"Papa, tutafungua, tuondoe ugaga hadi chini kabisa,
kisha tukate kipande kwenye kaakaa lako
tukishone hapa mzizi ulipobaki uchi."
Nikamwuliza: mnaniibia juu mnilipe chini?
"Kaakaa huota tena," akasema. "Ni jirani asiyedai."

Sindano tatu. Mdomo ukawa wa mtu mwingine.
Uchungu sikuuhisi, kazi niliisikia:
kwaru, kwaru, sauti ya mwiko
unaposafisha jiwe kuukuu kabla ya kulilaza.
Binti huyu anajua, niliwaza.
Hajengi juu ya uchafu.

Wiki mbili za uji uliopoa.
Hakuna bugali, hakuna sambaza wa kukaanga
(Nshokano alikula wake chumbani, mlango kaufunga,
harufu ikapita chini ya mlango).
Ulimi ulikatazwa kugusa. Uligusa.
Mafundo saba ya uzi, kama mchwa waliolala.

Siku ya kutoa nyuzi mvua ilikuwa inanyesha.
La chonge limepata shuka.
La mbele limefunikwa nusu.
"Mfupa uliokwenda," alisema, "haurudi wote."
Hilo sikuhitaji kuambiwa.

Nikashuka kwa miguu hadi kwa mjane wa Bisimwa,
niliyemwahidi ukuta tangu Pasaka.
Nikainama. Ufa, chini kabisa, upana wa ukucha.
Zamani ningesema: tungoje kiangazi, mama.
Nikavua koti,
nikaomba jembe.