Meza ya Saba, Alaska

Kipaza sauti kilituita sitahani:
barafu inameguka, upande wa kushoto.
Watu wakatoka mbio na kamera.
Tukabaki wanne, na Rodelio mgawaji
aliyeipita Alaska mara kumi na tisa
na hajaiona.

Thelma, mjane wa Saskatoon,
akasukuma sarafu zake zote za plastiki katikati,
uso mkavu kama ukuta wa benki.
Nilikuwa na ree mbili.
Nikaogopa. Nikatupa.

Ngurumo ikapita chini ya zulia,
sarafu zikagongana kidogo, kama meno.

Akafunua: saba ya pau, mbili ya uru.
Takataka tupu.
"Marehemu angenikamata," akasema,
akizizoa polepole,
na kwa mara ya kwanza safari nzima
uso ukamponyoka.