Kulwa Kwanza

Inakufa kwenye sekunde ya pili na robo.
Si ya kwanza, si ya tatu. Nimeihesabu
tangu jioni, hapa chumbani kwangu Mabatini,
mgongo kwenye jiwe ambalo fundi alishindwa kulivunja
akaamua liwe ukuta.

Bodi yenyewe ni pana kama kiganja,
imetoka kwenye chumba cha baridi cha Igombe,
inanuka sangara mpaka kwenye skrubu.
Bi Nyanzobe kapiga simu mara nne:
"Shija, barafu inageuka maji,
na maji mimi siuzi. Maji ninayo ziwa zima."

Naunga nyaya tatu: wa kusema, wa kusikia, wa ardhi.
Nawasha.
Kiini kinaamka, kinapapasa kumbukumbu yake,
kinaita viendeshi kama mwalimu wa zamu:
cha saa, kipo.
Cha kadi, kipo.
Cha kipimajoto,
kimya.
Kisha ukurasa mzima wa kiwewe, safu za tarakimu,
na chini kabisa anwani iliyokiua:
sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Kimepiga hodi kwenye nyumba isiyokuwepo
na hakikungoja kuambiwa karibu.

Nikafanya wafanyavyo wote waliochoka.
Nikapachika maneno ndani ya msimbo,
"nimefika hapa", "nimefika hapa",
kama mshona nyavu afungaye uzi mwekundu
kwenye kila tundu alilokwisha kulikagua.
Ikawaka!
Ikasoma joto la chumba, ishirini na saba.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.
Nikayafuta maneno, nikawasha tena.
Sekunde ya pili na robo. Kaburi.

Saa nane za usiku, hiyo ni dharau.
Ugonjwa unaopona ukiuuliza hali,
ukinyamaza tu, unaua.

Nilisinzia juu ya kibodi.
Kilichoniamsha ni mama wa chumba cha pili
akiwahimiza wanawe shule:
"Kulwa! Doto! Kulwa!"
Doto alikuwa ameshavaa, begi mgongoni,
anausukuma mlango kwa bega, anausukuma,
na ufunguo wa kufuli uko kwa Kulwa
na Kulwa yuko bafuni, hana hata haraka.

Nikakaa wima.

Maneno yangu hayakuwa dawa. Yalikuwa ucheleweshaji.
Kila "nimefika hapa" ilimshika Doto mkono kidogo,
na kule nyuma kidhibiti umeme, Kulwa wetu mzito,
kikapata nafasi ya kuvaa viatu.
Kipimajoto kilikuwa kinaitwa kabla hakijapata umeme,
kinaulizwa jina lake kikiwa bado hakijazaliwa.
Kwetu Doto hatangulii.
Nami niliyekuja nyuma ya mapacha, nikaitwa Shija,
nilijua kusubiri kabla sijajua kutembea,
halafu imenichukua usiku kucha kulikumbuka hilo.

Mistari minne:
muulize Kulwa kama ameamka.
Kama bado, usiingie, wala usife.
Rudi mwisho wa foleni,
upige hodi tena baadaye.

Mara ishirini nimewasha, mara ishirini imesimama.
Ya ishirini na moja nimeogopa kuijaribu.

Igombe, Bi Nyanzobe hakuuliza ilikuwa nini.
Aliegesha sikio kwenye mlango wa bati,
akausikia mtambo ukinguruma, akafungua pochi.
"Umeandika nini humo?"
"Mistari minne, mama."
Akahesabu noti, akasimama, akanitazama:
"Minne tu?"

Sikumwambia kuhusu ile mingine niliyoifuta.
Wala sikumwambia kwamba mpaka sasa
sijui kwa nini Kulwa anachelewa hivyo,
na kwamba kila asubuhi anachelewa zaidi kidogo.