Mwavuli

Kuniacha, sawa. Watu huachana.
Lakini kuondoka na mwavuli wangu,
mwezi wa nne, hapa Tukuyu,
ambako mvua hainyeshi, inaishi,
ina kiwanja, ina wajukuu,
hilo, Gwakisa, sikulisamehe.

Miaka mitatu nimejifunika jani la mgomba
kama mtoto aliyetumwa chumvi.
Mama akauliza, "Unamlilia mwanaume yule?"
"Namlilia mwavuli."
Sikuwa nadanganya sana.

Akatokea Lusubilo, karani, mtu wa adabu,
akaniletea mwavuli mpya wa maua.
Nikashukuru, nikauweka juu ya kabati.
Nikaenda kazini nimelowa.
Mama aliona. Hakusema. Alisonga ugali kwa nguvu.

Basi Jumatatu, kituo cha maziwa,
foleni ya ndoo, masweta, khanga za kujitanda,
nami nimeinamia kazi yangu:
kuchovya kipimo, kusoma namba, kusema kweli.
Mbele yangu, viatu vyeupe.
Nani huvaa viatu vyeupe kwenye udongo wetu?

"Nimeleta maziwa."
"Una ng'ombe?"
"Sina."
Foleni nzima ikakohoa.

Alikuwa na hotuba. Niliijua kwa jinsi alivyomeza mate.
"Tusekile, Dar nimeona taa nyingi,
lakini hakuna hata moja iliyo..."
Nikachovya kipimo.
"Ishirini na mbili."
"Nini?"
"Maji. Yamezidi."
"Ya kwenye ndoo au ya mdomoni?" akauliza Mama Atuganile,
na maziwa ya watu wawili yakamwagika kwa kicheko.

Jumanne akarudi. Ishirini na nne.
Kumbe ananunua kwa mzee Mwaijande,
ambaye ng'ombe wake mmoja ni bomba la kijiji.
Jumatano mfuniko ulimponyoka njiani,
mvua ikajikaribisha.
Nikamwaga mbele yake, taratibu,
kama mtu anayesoma barua kwa sauti.
Alhamisi hakuja.
Nilipima ndoo ya Mama Atuganile mara mbili.
"Yangu ni yale yale, mwanangu," akasema,
"anayebadilika ni wewe."

Ijumaa ilinyesha ile mvua inayoufuta mlima Rungwe
kana kwamba hakuna aliyewahi kuuchora.
Nikaona kitu kikipanda kilima,
kikiteleza, kikiinuka, kikiteleza.
Viatu havikuwa tena na rangi ya kutajika.
Amelowa mpaka kwenye jina la baba yake,
na mkononi mwavuli wangu, mweusi,
mpini wenye herufi T niliyoichoma kwa msumari wa moto,
umefunguka wote, mbavu moja imevunjika,
umeifunika ndoo.

Ndoo. Siyo yeye.

"Nimekamua mwenyewe," akasema, meno yakigongana,
"kwa shangazi. Jana nilikuwa najifunza."
Ugokoni alama ya kwato, mbichi.
Hotuba hakuwa nayo. Nilimngojea, hakuwa nayo.

Nikachovya.
Kipimo kikazama kidogo, kikafikiri, kikapanda.
"Thelathini," nikasema, na sauti yangu
haikutoka kama sauti ya ofisi.

Nikaandika kwenye daftari:
Gwakisa, lita tatu, yamekubaliwa.
Daftari lile halina safu ya kumpima mleta.
"Na mimi?" akauliza.
"Wewe bado."
"Mpaka lini?"
Nyuma yake Mama Atuganile alikuwa akimkanyaga jirani
ili anyamaze, asikie vizuri.

"Mwavuli uache hapa. Ni wangu."
"Sawa."
"Na kesho lete maziwa."
"Tusekile, nitalowa."
"Ndiyo," nikasema, nikiita ndoo inayofuata.
"Na funika ndoo kwa jani la mgomba.
Nitakuonyesha linavyokatwa."